KUSITIRI NA KUDANGANYA
Khabari ya mtu aliyeuzuliwa kazi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku kila kiumbe, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na ali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, mas'ala tunayotaka kuyatazama katika karatasi hizi ni haya. Mtu ameuzuliwa kazi yake. Asubuhi ya pili huamka kama desturi, akavaa nguo zake za kazi, akamuaga mkewe akatoka. Haendi kazini, maana hana kazi. Huzunguka Soko la Majengo, kisha akaketi barazani mwa msikiti mpaka alasiri, akarejea nyumbani akisema amechoka. Mwisho wa mwezi hukopa, akamkabidhi mkewe fedha kana kwamba ni mshahara. Je, mtu huyu amejisitiri, au amedanganya?

Wako wasemao amejisitiri, na kuwa haya ni katika imani. Nasi twasema, kwa tawfiki ya Mungu, kuwa jambo hili lina mpaka, na asiyeujua hutumbukia katika dhambi akidhani yumo katika adabu.

Wala msidhani kuwa haya ni ya mtu mmoja aliyekosa bahati. Tarehe 28 Aprili 2017, papa hapa Dodoma, katika Chuo Kikuu, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa kazini. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na katika nchi yetu watu waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo, hasa katika miradi ya afya, wakaambiwa wasirudi. Wale wa kwanza waliambiwa kuwa kosa ni lao. Hawa wa pili hawakukosa lolote. Aliyeghushi ana toba juu yake, na huo ni mlango mwingine. Lakini usiku wa kwanza wote waliingia majumbani mwao na swali moja: nitamwambia nini mama watoto?

Na kwetu sisi watu wa pwani tuliopanda bara swali hili ni zito zaidi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa yahamia Dodoma, wengi wamekuja hapa kwa ajili ya kazi tu. Mtu akikosa mshahara kwao ana mnazi wa babu, ana nyumba ya mjomba, ana bahari. Hapa Majengo amepanga chumba, na majirani wamemjua kwa kazi yake. Kazi ikiondoka huona hata jina lake limeondoka, ndipo anaposhikilia nguo zake za kazi. Na mfa maji haachi kutapatapa.

HOJA YA WENYE KUFICHA

Wenye kuutetea uficho huu huleta aya ya 273 ya Suratul-Baqara, ambamo Mwenyezi Mungu amewasifu mafakiri ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wajizuiavyo na kuomba. Hoja ni njema, lakini wameisoma nusu. Anayewadhania hivyo ni yule asiye na khabari nao, na aya hiyo hiyo yaeleza kuwa mwenye kuwatazama huwajua kwa alama zao. Wamesifiwa kwa kuwa hawakuwasumbua watu. Haikusemwa kuwa waliwahadaa wake zao, wala kuwa walikwenda kukopa kwa kujifanya wana mshahara.

Basi shika neno hili: kunyamaza mbele ya asiyehusika ni sitara, na kusema uongo mbele ya mwenye haki ni hadaa. Huo ndio mpaka, na yote tutakayoyasema yamo humo.

MKE

Mwenye haki wa kwanza ni mke. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kama ilivyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, nafaka ya mke hukadiriwa kwa hali ya mume. Mwenye wasaa hutoa kila siku mudi mbili za chakula cha mji, wa kati mudi moja na nusu, na mwenye dhiki mudi moja. Mudi ni robo ya pishi, ndicho kibaba cha wazee wetu. Tazama hekima iliyomo. Sheria yenyewe imekwisha kumpunguzia mtu mzigo siku ile ile hali yake ilipopungua, na aya ya saba ya Suratut-Talaq yamwamuru mwenye riziki finyu atoe kwa kadiri ya alicho nacho, si zaidi. Anayekopa ili alete vibaba viwili ilhali yampasa kimoja, amejitwisha mzigo ambao Mungu hakumtwisha.

Na mume akishindwa hata na hicho kibaba kimoja, mke ana khiari: ama asubiri, na kisicholipwa kiwe deni juu ya mume, ama aende kwa kadhi akatake faskhi. Haki hii ni nzito na si ya kuchezewa. Lakini mtu atasubirije jambo asiloambiwa? Umemnyima mkeo khiari yake, na thawabu ya subira yake pia.

Kadhalika umemnyima nafasi ya kukusaidia. Zainabu, mke wa Abdallah bin Masud, alitaka kujua kwa Mtume (s.a.w.) kama sadaka yake yafaa kumpa mumewe, akajibiwa kuwa ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Ibn Masud ni katika wanavyuoni wakubwa wa masahaba, wala heshima yake haikuanguka kwa kula katika mkono wa mkewe. Ila ijulikane kuwa mali ya mke ni yake. Akitoa ametoa kwa wema, na mume asiyafanye mapato ya vitumbua vya mkewe kuwa ni haki yake.

Mtu atasema: Mke wangu hana siri, nikimwambia leo, kesho mtaa mzima watajua. Jawabu ni kuwa mkeo atajua tu, nawe umeshindwa kuchagua siku. Ataambiwa na mdai abishaye hodi, na siku hiyo litakalomuumiza si mshahara uliokatika, bali ile miezi aliyodanganywa.

MDAI

Mwenye haki wa pili ni mdai. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa achukuaye mali za watu kwa nia ya kulipa, Mungu humlipia, na achukuaye kwa nia ya kuzipoteza, Mungu humpoteza yeye. Mtu anayekopa kwa kuonyesha kitambulisho cha kazi ambayo hana tena, amelianza deni lake kwa uongo. Na ndugu na rafiki wakimalizika, huishia katika ile mikopo ya riba ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, au ile ya katika simu; na mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za kukopesha zilizokuwa hazina leseni. Riba ni haramu, na jina walilolipa watu latosha kuwa ushahidi wa madhara yake.

Aliye na deni la zamani na amwendee mdai wake mapema amweleze. Aya ya 280 ya Suratul-Baqara yamtaka mdai amngoje mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Nawe utapewaje muhula kwa dhiki usiyoisema?

WATU WATATU

Mtaa hauna haki ya kujua. Huna lazima ya kujieleza kwa kila anywaye kahawa nawe. Lakini baina ya nyumba na mtaa wako watu wachache. Katika Hadithi ya Kabisa bin Mukharik, iliyomo katika Sahihi Muslim, kuomba kumehalalishwa kwa watu wa namna tatu, na mmoja wao ni aliyepatwa na ufukara hata wakamshuhudia watu watatu wenye akili katika jamaa zake. Tazama idadi. Hakutajwa mji mzima, wala haikusemwa asijue mtu. Ni watatu, tena wenye akili. Chagua wako: imamu wa msikiti, jirani mtu mzima, na mwenzako wa kazi asiye na maneno mengi.

Nabii Musa (a.s.) alipokimbia Misri alifika Madyan hana kazi, hana nyumba, hana jamaa. Akawanyweshea wasichana wawili wanyama wao bila ya kutaka ujira, kisha akaenda kivulini akamweleza Mola wake uhitaji wake. Hakumlalamikia mpita njia. Lakini alipoitwa na baba yao, mzee mwenye busara, alimsimulia kisa chake chote, na mzee akamwondolea khofu. Na binti aliyeuona utendaji wake akamsemea apewe kazi. Ikatoka kazi ya miaka minane, na kumi kwa hiari yake. Lau angalimficha mzee yule, khofu yake angaliondolewa na nani?

KHABARI YA FEDHA

Kwanza, usiondoke kwa hasira ukaiacha haki yako. Kudai haki si upungufu wa tawakali. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa aliyetimiza mwaka, asiyeondolewa kwa utovu wa nidhamu, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumika, mpaka kikomo cha miaka kumi. Basi aliyetumika miaka ishirini naye hupata siku 70 tu. Ajue mapema, asijenge matumaini makubwa. Aliyeajiriwa na kampuni au shirika akaona ameachishwa kwa dhulma ana siku 30 kulifikisha shauri lake kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; na anayejificha sokoni, siku hizo humpita. Mifuko ya hifadhi ya jamii nayo ina fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia si chini ya miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake. Hata wale walioondolewa kwa ajili ya vyeti, mwaka 2022 Serikali iliamua warejeshewe michango waliyokatwa.

Pili, kaa na mkeo mwandike kwa kalamu: tunacho nini, twadaiwa nini, kitatufikisha wapi. Nchi hii ya Ugogo ina mvua ya msimu mmoja, baina ya Desemba na Aprili, na uwele na mtama wa msimu huo ndio chakula cha mwaka. Mwezi wa Agosti hauna mvua, wala mkulima haoni aibu kwa hilo. Hutazama ghala yake akagawa. Nabii Yusuf (a.s.) naye aliwaelekeza watu wa Misri wakiache chakula katika masuke yake, wale kidogo, wangoje miaka ya dhiki. Mtu wa mshahara hudhani kila mwezi una mvua yake. Sasa na ajifunze kwa mkulima.

Tatu, usidharau kazi ndogo. Abu Daud amepokea kuwa Ansari mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akiomba, naye akamuuliza nyumbani kwake mna nini. Mlikuwa na nguo moja na bakuli. Vikauzwa dirhamu mbili: moja akanunulia watu wake chakula, na ya pili shoka, akaenda kukata kuni siku kumi na tano, akarudi amechuma dirhamu kumi. Dawa ilianza kwa swali lile la nyumbani mna nini, na mtu anayeificha hali yake hawezi kuulizwa swali hilo.

Nne, ikiwa hapana budi, usione haya kupokea zaka. Kwa Shafi, nyumba ya mtu anayokaa na nguo zake hazimtoi katika ufukara. Basi wenye kugawa zaka wasimnyime mtu kwa kuwa shati lake limepigwa pasi. Na wanavyuoni wetu wamesema mwenye biashara apewe mtaji wa biashara yake, hata wakakadiria muuza mboga dirhamu tano na muuza matunda ishirini. Tungaliifuata kanuni hii, zaka ya Majengo ingalifungua meza sokoni, kuliko kugawanywa vipande visivyomaliza siku mbili.

MOYO

Ama huzuni, si dhambi. Nabii Yaakub (a.s.) alilia hata macho yake yakapofuka, na bado ni nabii mwenye subira nzuri, kwa kuwa mashtaka yake aliyapeleka kwa Mungu. Kinachokatazwa ni kukata tamaa, na kumtupia mke na watoto ghadhabu ya mtu mwingine. Watoto watasahau mwezi wa uji mtupu. Hawatasahau baba aliyekuwa akipiga kelele. Na mwanamume ajue kuwa ukuu wake nyumbani haukuletwa na mshahara, basi haukuondoka nao. Mshahara ulikuwa mfereji, na mfereji ukiziba chemchemi haikukauka.

Nanyi mlio na kazi, mkimwona mwenzenu barazani saa za kazi, msimuulize mbele ya watu. Mfuateni faragha, na mkiambiwa, liwe ni amana. Huenda anadanganya kwa sababu sisi tumemfundisha kuwa asiye na kazi hana salamu.

Basi ewe ndugu uliyeuzuliwa, usiku wa leo, watoto wakilala, vua zile nguo, keti karibu na mkeo, umwambie.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atulinde na hamu na huzuni, na uzito wa deni, na atufungulie milango ya halali. Amin.