Jina Kwenye Ukingo wa Medali

Tuseme kijana wa vyuma chakavu anapita Nyasubi na mkokoteni wake. Nyumba moja wanampa sufuria iliyotoboka, rimu ya baiskeli, na kopo la chakula la kijeshi ambalo mtu zamani alilikwaruza jina lake kwa msumari. Mzani hausomi majina. Kopo linalipwa kwa kilo, basi. Lakini akija mkusanyaji wa vitu vya vita, bei inapanda, na kinachoipandisha ni lile jina. Sasa hapo ndipo penye swali: jina la mtu linauzwa?

Waingereza walipotoa medali za Vita ya Kwanza, walichonga ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha askari, wakiwemo wa King's African Rifles. Ukiishika leo unaweza kuanza kumtafuta mwenyewe. Vita ya Pili wakabadilisha: Nyota ya Burma ilitolewa bila jina. Askari wetu aliyerudi kutoka Burma, kama hakujiandikia mwenyewe kwenye chupa ya maji au mkanda, nyota yake ni sawa na ya yeyote.

Wapo watakaosema, acheni watu wauze. Medali ile ya mwanzo ni ya fedha, na mjukuu mwenye ada ya shule ya kulipa hali kumbukumbu. Nakubali. Simlaumu anayeuza. Tena mkusanyaji mara nyingi ndiye anayeiokoa isiyeyushwe. Ila kuokoa kitu hakukufanyi mwenye mtu.

Kuna kisa kinachosimuliwa cha Mwanza, mwaka 1964. Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani wa Mjerumani mishahara waliyokuwa wanadai tangu vita. Wazee wakaja, wengi hawana karatasi. Inasemekana kila mmoja alipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Kumbe ushahidi ulikuwa mwilini. Mzee akifa, unaondoka naye. Kinachobaki ni kopo, mkanda, medali. Ndiyo maana kitu chenye jina kina uzito kuliko chuma chake.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Mwaka 1916 vikosi vya Waingereza vilitoka Mwanza kupitia Shinyanga kuelekea Tabora, na jeshi halikutembea bila wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la kikosi chao. Wao wenyewe majina yao yako wapi? Ripoti ya mwaka 2021 ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mpagazi hakuacha kitu cha kukusanywa. Tukiwaheshimu wenye majina kwenye vyuma peke yao, tunaendeleza dhambi ya karani aliyeacha kuandika.

Tusichanganye mambo: sizungumzii sare za leo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya jeshi kuyarudisha, na hilo ni suala la usalama. Nazungumzia masalia ya waliokwisha kufa.

Kwa maoni yangu, anayenunua amenunua chuma. Jina amepewa amana. Na amana ina masharti. Atafute ukoo kabla ya kutafuta mnunuzi mwingine. Awape picha na alichokigundua bila kudai malipo. Wakikitaka kitu chao, awauzie kwa bei aliyonunulia yeye, hata kama mnada wa London ungempa mara ishirini. Hapo ndipo utamjua mtafiti na mfanyabiashara. Na akiandika habari za askari wake, aulize pia nani alimbebea mzigo.