Tohara ya Mwanamke Mwenye Utumbo Mgonjwa

Fatima binti Abi Hubaysh alikuwa akitokwa na damu isiyokoma. Alimwendea Mtume mjini Madina, akamweleza hali yake bila kuficha, akauliza kama aache kusali. Jibu alilopewa, kama lilivyopokelewa na Bukhari na Muslim, ni kwamba damu ile si hedhi bali inatoka kwenye mshipa. Siku zake za hedhi zikipita ajioshe na asali. Hamna binti Jahsh naye alikuwa na shida hiyohiyo, tena nzito, na Abu Dawud amepokea kwamba mumewe alikuwa akimwingilia katika hali hiyo. Wanazuoni walio wengi wakashika hapo: mwanamke mwenye damu ya ugonjwa anasali, anafunga, na analala na mumewe.

Ni habari za zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, lakini swali lililomo ndani yake linaulizwa hadi leo na wanawake wenye maradhi sugu ya utumbo, wengi wao moyoni tu. Mwili unaovuja bila ridhaa ya mwenyewe, unampunguzia mwanamke hadhi mbele ya Mungu? Na mbele ya mume je?

Maradhi yenyewe ni mawili makubwa. Moja ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye mwaka 1932 aliueleza pamoja na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Huo unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. La pili ni kolaitisi ya vidonda, linaloshambulia utumbo mpana. Yote mawili huja kwa vipindi: kuharisha, damu, tumbo kukata, uchovu usiokwisha kwa kulala, kisha pengine miezi ya nafuu. Mara nyingi huwashika watu wakiwa vijana, katika umri uleule wa kuolewa na kuzaa. Katika nchi zetu mgonjwa anaweza kutibiwa amiba au taifodi mara kadhaa kabla ya kupata jibu sahihi. Kifua kikuu cha utumbo nacho hufanana sana na Crohn, na kipimo cha kamera ya utumbo kinapatikana katika hospitali chache.

Kinachotokea chumbani hakielezwi kwa urahisi namna hiyo. Tendo la ndoa linaweza kuuma, hasa kwa mwenye vidonda au jipu karibu na njia ya haja kubwa. Wapo wanaopata fistula, tundu linalounganisha utumbo na uke, hivyo hewa au kinyesi kikapita pasipostahili. Dawa ya prednisoloni hutuliza ugonjwa, lakini huvimbisha uso, huleta chunusi na huvuruga usingizi na furaha. Upasuaji wa kuondoa sehemu ya mwisho ya utumbo unaweza kugusa neva za nyonga na kuacha kovu, na baadaye mwanamke akakuta ukavu na maumivu ambayo hakuwa nayo. Juu ya hayo yote ipo hofu ya kuchafua shuka, hofu ya harufu, na kutega sikio kwa kila mngurumo wa tumbo. Mwanamke anayepanga safari zake kwa kuhesabu vyoo vilivyoko njiani hawezi kujiachia mikononi mwa mtu kwa wepesi.

Akiwa kliniki huulizwa anaenda haja mara ngapi, kama kuna damu, kama uzito umepungua. Ndoa yake haiulizwi. Daktari anaona aibu, mgonjwa anaona aibu, na nyuma yake foleni ni ndefu. Anaondoka na vidonge vyake na swali lake.

Hapa ndipo dini huingizwa vibaya. Yapo mazoea ya kudhani kwamba haya inamtaka mwanamke asiyataje mambo ya mwili wake, na kwamba asiyeweza kujizuia amekuwa najisi yeye mzima, mtu wa kukaa pembeni. Vitabu vya fiqhi vinavyosomeshwa pwani havisemi hivyo. Katika *Minhaj* ya Imam Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake ni nguzo ya madhehebu ya Shafii, kuna mas-ala ya mtu ambaye njia yake ya kawaida imeziba na nyingine ikafunguka chini ya tumbo. Kinachotoka hapo kina hukumu ileile ya kinachotoka njia ya kawaida: udhu unatenguka, basi. Na mwenye kutokwa mfululizo anajisafisha, anajizuia kadiri awezavyo, anatia udhu baada ya wakati wa sala ya faradhi kuingia, na anasali hata kama kitu kinaendelea kutoka. Karne nyingi kabla ya mifuko ya kinyesi inayobandikwa tumboni baada ya upasuaji, wanazuoni walikwisha kumwazia mtu huyu, na hawakumfukuza kwenye msala. Najisi kwao ni kitu kinachooshwa kwa maji. Mtu hakuhesabiwa kuwa najisi kwa sababu ya ugonjwa wake.

*Minhaj* hiyohiyo, katika mlango wa nafaqa, yaani matunzo ya mke, inataja maradhi ambayo kuingiliwa kunamdhuru mke kuwa ni udhuru: akikataa kwa sababu hiyo si muasi, na mume haondokewi na wajibu wa kumtunza. Hili linafaa kusemwa kwa sauti, kwa kuwa wapo wanaume wanaotishia kuacha, na wapo wanawake wanaovumilia maumivu ya kisu wakidhani wanatii amri ya Mungu.

Kwa Wakristo mambo yako karibu na hayo. Sura ya 15 ya Walawi inamweka mwanamke mwenye kutokwa damu katika unajisi, pamoja na kila alipokalia. Lakini Marko 5 inamleta mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa waganga, akapenya katikati ya umati na kugusa vazi la Yesu. Yesu hakuharakisha kujitakasa. Alisimama, akataka kujua aliyemgusa, akamsikiliza akieleza ukweli wote mbele ya watu, na akamwita binti.

Utamaduni wetu wa ndoa nao una lake. Kungwi humfunza mwari udi, asumini, vikuba na shanga za kiunoni. Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye utendi mnamo mwaka 1858, wenye mafunzo ya kujipamba na kunukia kwa ajili ya mume, na aliutunga akiwa mgonjwa, miaka michache kabla ya kufa. Mafunzo hayo ni mazuri na yamefurahisha ndoa nyingi. Kosa ni kuyageuza sharti la kupendwa, kana kwamba mke ni mke siku anazonukia tu. Kungwi anayejua kazi yake angeweza kumfunza mwari mwenye ugonjwa huu jinsi ya kumwaga mfuko wake wa kinyesi kabla ya kulala, kuukunja na kuufunga vizuri kwa leso kiunoni, kuchagua mlalo usiokandamiza tumbo, na kumweleza mumewe mapema badala ya kungoja ajali.

Mfuko wenyewe umetokana na upendo wa ndugu. Elise Sørensen, muuguzi wa Denmark, alikuwa na dada aitwaye Thora aliyefanyiwa upasuaji wa stoma, yaani tundu la tumboni la kutolea kinyesi, akawa anaogopa kutoka mbele za watu. Mwaka 1954 Elise akabuni mfuko wa plastiki wenye gundi inayoshika kwenye ngozi. Mamilioni ya watu wanaishi kwa mifuko ya aina hiyo hivi sasa, na wanawake wenye stoma wanaolewa, wanashika mimba na wanazaa.

Mwenye ugonjwa uliotulia kwa kawaida ana uwezo wa kushika mimba karibu sawa na wenzake, ingawa upasuaji mkubwa wa nyonga unaweza kuupunguza. Hatari huongezeka mimba ikitungwa wakati ugonjwa umewaka. Methotreksati hudhuru mtoto tumboni na lazima iachwe miezi kabla ya kushika mimba, lakini dawa nyingine nyingi huendelea, na kuziacha kwa hofu kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko kuzimeza. Wanaotumia dawa za kushusha kinga wasiache kupimwa saratani ya mlango wa kizazi.

Madaktari waulize kuhusu ndoa kama wanavyouliza kuhusu damu. Mashehe na wachungaji wayasome haya mimbarini, wasiyaache kwenye vitabu. Na wewe mwenye ugonjwa, ukiingia kwa daktari safari ijayo, anza na lile swali unaloliacha mwisho. Fatima aliuliza lake mbele ya Mtume, na hakuna aliyemwambia kwamba amekosa haya.