Nepi Iliyolowa

Pale Migwani mama mmoja alijifungua mtoto wa kiume, kifungua mimba, na nyumba nzima ikafurahia nepi zake. Kila ukimshika, amelowa. Nyanyake akasema anayekojoa hivyo ananyonya akashiba, na nani angembishia mtu aliyelea tisa?

Kumbe mtoto alikuwa mgonjwa, na nafasi ya kwanza ya kuligundua hilo ilikuwa imeshapita. Kliniki ilimwandikia mama picha ya mimba, ile ambayo Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri ipigwe kabla ya wiki 24. Lakini vuli ilikuwa inakaribia, na Ukambani vuli ndiyo mvua ya kutegemewa. Pesa zikaenda kwenye mbegu za ndengu. Mimi simlaumu.

Picha ile ingeweza kuonyesha kibofu kilichofura na figo zilizojaa maji. Ndani ya njia ya mkojo mtoto alikuwa na utando mwembamba, maradhi ya wavulana peke yao, kama mmoja katika kila 5,000 hadi 8,000. Mkojo ukizibwa chini hurudi juu, figo zikaumia mtoto angali tumboni.

Na zile nepi? Kibofu kilijaa pomoni, kikavuja tone baada ya tone. Kila aliyelea mvulana anajua: ukimfungua nepi ovyo, atakupiga usoni. Huyu hakumrushia mtu hata siku moja. Wakasema ana adabu.

Wiki ya tatu akakataa ziwa, akatapika, chini ya kitovu pamekuwa pagumu kama embe bichi. Ndipo bodaboda ya kwenda hospitali Mwingi ikaitwa. Daktari hakuuliza kama nepi zinalowa.

"Mama, mkojo wake unaruka?"

Mama akamtazama mama mkwe.

Mtoto akawekewa mpira, mkojo ukatoka mpaka tumbo likalegea, kisha ambulensi ikashika barabara ya Matuu na Thika hadi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Figo za mtoto mchanga zikishindwa, mara nyingi hutumika tumbo lake mwenyewe: maji maalumu huingizwa kwa mpira laini, yakakaa, utando wa tumbo ukachuja sumu, yakatolewa, yakaingizwa mengine, usiku na mchana. Hali ikitulia, daktari wa upasuaji hupitisha kifaa chembamba chenye kamera na kukata kizibo.

Mtoto alirudi Migwani hai, na figo za kupimwa maisha yake yote.

Siku hizi kwa jirani kukizaliwa mvulana, nyanya yule huomba kufungua nepi mwenyewe. Huinama karibu kabisa, akangoja kupigwa usoni.