Neno la Muuzaji na Kifungo Chake

Kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, ndivyo walivyosema wahenga. Methali hiyo ilizaliwa wakati bidhaa yenyewe ndiyo iliyokuwa tangazo: samaki alilazwa juu ya ungo, mnunuzi akamtazama jicho na shavu, akauliza bei, wakapatana au wakaachana kwa salama. Siku hizi hata kilicho kizuri hujitembeza. Hujitembeza kwa ubao uliopigiliwa mtini, kwa gazeti, kwa redio, kwa kipaza sauti juu ya gari, na tangu zije simu za mkononi hujitembeza hadi kitandani mwa mtu aliyekwisha lala. Hapo ndipo linapozuka swali tunalotaka kulitazama. Mtu atamkaye mbele ya umma kwamba anauza kitu fulani kwa bei fulani, je, amekwisha jifunga? Au neno lake ni upepo mpaka fedha zihesabiwe?

Tuliweke swali hili mahali panapojulikana, maana maswali ya uadilifu yakiachwa hewani hayana uzito. Kitai, katika Wilaya ya Mbinga, ni njia panda. Hapo njia ya Lituhi huiacha barabara itokayo Songea kwenda Mbinga, ikashika upande wa Ziwa Nyasa. Usipa mkavu hupanda kutoka ziwani, mahindi na maharage hushuka kutoka milimani, na tangu makaa ya mawe ya Ngaka yaanze kuchimbwa mwaka 2011, malori nayo yameongeza vumbi na wateja. Mahali pa namna hiyo hapakosi ubao wa biashara. Basi tuseme bwana mmoja ameandika kwa chaki: “Mashine ya kukoboa inauzwa, shilingi laki nane.” Na tuseme habari hizo zimemfikia mvuvi mmoja wa Lituhi, naye akauza nyavu zake, akapanda gari, akafika na laki nane kibindoni. Anaamkia, kisha anasema: “Mzee wangu, nimeukubali ubao wako. Nipe mashine.” Mzee anamjibu: “Pole sana, mwanangu. Mashine ipo, lakini bei sasa ni milioni moja.”

Mvuvi atasema kwamba ahadi ni deni, na hapana shaka wengi wa wasomaji wetu watakuwa upande wake. Sheria lakini haiku upande wake. Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, ambayo leo ni Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961, na mifupa yake ni ya sheria ya India ya mwaka 1872. Hiyo hutaka mambo yafuatane: mmoja atoe pendekezo, mwingine alikubali pendekezo lile lile bila ya kulipunguza wala kuliongeza, pawe na kitu cha kubadilishana, na wote wawili wawe wameridhia kwa hiari. Kwa kawaida ubao wa mauzo hauhesabiwi kuwa pendekezo. Huhesabiwa kuwa mwaliko tu: muuzaji anawaita watu waje watoe mapendekezo yao. Kwa hiyo, kwa jicho la sheria, mvuvi alipoweka laki nane mezani ndiye aliyependekeza, na mzee akawa na uhuru wa kukubali au kukataa.

Tusiharakishe kuiita sheria hiyo ni ya kikatili. Mzee ana mashine moja. Kama ubao wake ungekuwa pendekezo kamili, watu 20 wangeweza kufika siku moja, kila mmoja akasema “nimekubali”, na mzee angekuwa amevunja mikataba 19 kabla ya jua kuchwa. Tena iko sababu nyingine, iliyo karibu zaidi na utamaduni wetu. Kwetu bei itajwayo kwanza si bei, ni mlango wa mazungumzo. Matangazo yetu yenyewe hukiri hivyo pale yanapomalizia kwa maneno “bei maelewano” au “maongezi yapo”. Mnunuzi ajiaye mlango huo na tamaa ya kupunguziwa, akidai kwamba muuzaji peke yake ndiye aliyefungwa na ile bei ya kwanza, anataka kupatana kwa mkono mmoja.

Hata gharama ya safari hairudishwi. Jambo hilo liliamuliwa Uingereza mwaka 1873, katika shauri la Harris na Nickerson. Dalali alitangaza magazetini mnada katika mji wa Bury St Edmunds. Bwana mmoja akasafiri kutoka London kufuata samani za ofisi zilizotajwa, akafika, akakuta samani hizo zimeondolewa mnadani. Alidai nauli na muda wake uliopotea. Mahakama ilimkatalia, kwa hoja kwamba kutangaza nia ya kuuza si kuahidi kuuza kwa kila aliyesikia. Hukumu za Uingereza kwetu ni za kuangaliwa tu, hazitufungi, lakini hoja hiyo ndiyo ambayo wakili wa mzee wetu angeishika.

Je, tangazo haligeuki mkataba kamwe? Hugeuka. Mwaka 1891 kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza katika gazeti la huko huko Uingereza kwamba mtu atakayekitumia kifaa chake cha kuvuta moshi mara tatu kwa siku kwa majuma mawili, kisha akapatwa na homa ya mafua, atalipwa pauni 100. Na kwamba, ili watu waamini, pauni 1,000 zimekwisha wekwa benki. Bibi Carlill alikinunua, akakitumia kama alivyoelekezwa, na homa ikampata. Kampuni ikasema kwamba yale yalikuwa majigambo ya biashara tu. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani iliamua alipwe. Mtu akiahidi kitu kwa walimwengu wote, akaeleza tendo la kufanywa, na mmoja wa walimwengu akalifanya, kulitenda ndiko kukubali. Sheria yetu nayo inasema vivyo hivyo: kutimiza masharti ya pendekezo ni kulikubali. Mwenye ng'ombe aliyepotea, anayetangaza zawadi kwa atakayemrudisha, yumo humo humo.

Lakini hilo lilikuwa tangazo la tuzo. Kwa upande wa mauzo hasa, liko shauri la Marekani la mwaka 1957. Duka moja la Minneapolis lilitangaza kwamba Jumamosi, saa tatu asubuhi, litauza ushungi mmoja wa manyoya, wenye thamani ya dola 139.50, kwa dola moja, na kwamba wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Bwana Lefkowitz alifika wa kwanza na dola yake. Akaambiwa kwamba kwa desturi ya duka bei hiyo ni ya wanawake tu. Mahakama Kuu ya jimbo la Minnesota ilimpa haki yake, dola 138.50. Kitu kilitajwa, idadi ilitajwa, bei ilitajwa, na namna ya kumpata mnunuzi mmoja kati ya wengi ilitajwa pia. Hakikubaki chochote cha kuzungumza. Na mwenye duka hakuweza kuongeza sharti baada ya mgeni kukwisha piga hodi.

Tukirudi kwa mzee wa Kitai tunaona kwamba kama angaliandika “atakayefika wa kwanza na laki nane ataichukua”, hali yake mbele ya hakimu ingalikuwa mbaya. Tofauti ni maneno machache ya chaki. Ndiyo maana tunawahimiza walimu wa Kiswahili wasidhani kwamba somo la kuandika matangazo ni la kujazia muda. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na maneno tunayoyachezea ubaoni ndiyo yatakayosomwa na hakimu.

Limebaki jambo ambalo hukumu hizo hazikuligusa. Kutofungwa na mkataba si kuwa huru na kila wajibu. Mzee alijua kwamba ubao wake unasomwa na watu wapitao, na kwamba wapitao hupeleka habari mbali. Aliyekwisha uza na akauacha ubao wake pale pale, au aliyepandisha bei moyoni na kuiacha ya zamani mtini, hajavunja mkataba, lakini amekula nauli ya mtu. Wajibu wake ni mdogo na hauna gharama: aushushe ubao, au aufute. Na aliyeweka bei ya chini kwa kusudi la kuvuta watu tu, huyo ameingia katika udanganyifu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imekataza mwenendo wa kibiashara wenye kupotosha, na hata isingalikataza, sisi tungalimjua kwa jina lake. Lugha yetu iliona mbali. Fedha ya kushikia mali huitwa arubuni, na kurubuni, kwa maana izoeleweyo leo, ni kumvuta mtu kwa hila. Mshairi hawezi kuyasikia maneno hayo mawili bila ya kuwaza kwamba ni ndugu, mmoja kashika njia njema na mwenziwe kapotoka.

Mijini wako wenye nyumba walioandika ukutani, “Nyumba hii haiuzwi.” Wageni hucheka. Sisi tunaona ni shahada ya majonzi, kwamba matangazo ya uongo yamekuwa mengi hata mwenye mali amelazimika kutangaza kimya chake.

Lakini kinachotusumbua zaidi hakimo katika ubao wowote. Mbinga ni nchi ya kahawa, na humo mna biashara iitwayo magoma. Kagera wenzao huiita butura. Mkulima mwenye shida, wa ada ya shule au mgonjwa, huchukua fedha kwa mwenye nazo na kumpa kahawa ingali mtini, kwa bei iliyo chini mno kuliko ya msimu. Hapo masharti yote yanaonekana kutimia: pendekezo lipo, kukubali kupo, fedha zimepokewa, pengine na karatasi ina dole gumba. Mwenye fedha atasema neno lile lile la mvuvi, kwamba ahadi ni deni. Serikali imeipiga vita biashara hiyo, na mwaka 2018 iliagiza kahawa ya wakulima ipitie katika vyama vya msingi vya ushirika; lakini shida haingoji msimu, na mwenye shida huenda usiku.

Basi tazama mizani ilivyo. Mwenye mashine, aliyeshiba, aliandika neno lake mchana mbele ya umma, na sheria inamruhusu kuligeuza. Mwenye kahawa, aliyenong'ona neno lake mlangoni kwa mtu kwa sababu mtoto anafukuzwa shule, anaambiwa amefungwa. Sisi hatukubali kwamba hayo yote ni sawa sawa “makubaliano”. Sheria ya Mikataba yenyewe inataka hiari, na inamtilia shaka yule aliyeutawala moyo wa mwenzake kwa nguvu ya nafasi yake, akapata faida isiyo ya haki. Kwa maoni yetu mkulima huyo anadaiwa fedha alizopewa, na faida ya kadiri juu yake, kwa kuwa alizila. Kahawa ni yake, aipeleke chamani ipimwe kwa bei ya siku ile, na deni likatwe hapo mbele ya mashahidi.