Nani Alishika Shoka?

Mwacha asili ni mtumwa, wanasema wazee, na sisi vijana tumeikariri methali hii mpaka imekuwa kama salamu. Sina ugomvi nayo. Swali langu ni dogo tu: asili ikishajulikana, inampa nani haki gani? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa kupitia majina ya vijiji vya Watamili, kule kusini mwa India. Utaniuliza, ndugu msomaji, mbona mbali hivyo? Ni mbali, kweli. Lakini ya kwetu yana joto mno. Mtu akianza tu kutaja nani alifyeka pori la wapi, watu wanatafuta marungu. Ya mbali tunaweza kuyatazama bila kushikana mashati.

Kitamili kina maneno mawili yanayokaa pamoja kama watani: kaadu, yaani msitu, na naadu, yaani nchi iliyokaliwa na kulimwa. Hilo la pili ndilo limo ndani ya Tamil Nadu, jina ambalo jimbo la Madras lilipewa mwaka 1969. La kwanza limezagaa ramani nzima. Mangadu, jirani na jiji la Chennai, ni msitu wa miembe. Vedaranyam, pale pwani, kwa Kitamili cha zamani ni Tirumaraikkadu, msitu mtakatifu wa Veda. Kisanskriti kilipoingia kilifasiri tu, msitu ukabaki msitu. Sasa geukia mashambani. Vayal ni shamba la mpunga, na mji wa Puduvayal maana yake ni shamba jipya. Tirunelveli ina nel, mpunga, na veli, ua wa kuuzunguka. Punjai Puliampatti inaanza na neno la ardhi kavu, ile ya kungojea mvua, kinyume cha nanjai, ardhi ya majaruba yenye maji. Maneno haya mawili makarani wa kodi waliyatumia kila siku. Kwa hiyo kuna kijiji kinachobeba jina la mti, kingine jina la jaruba, na kingine karibu kabisa kinabeba daraja la kodi!

Lakini lililonisimamisha ni hilo hilo kaadu. Magharibi mwa jimbo, upande wa Coimbatore, mkulima akikwambia anakwenda kaadu usidhani anakwenda kuwinda. Anakwenda shambani kwake, shamba la mvua. Miti haipo, neno lipo. Na mahali pa kuchomea maiti panaitwa sudukaadu, msitu wa kuchomea. Naona kama lugha imekataa kusahau. Watu wamekata kila kitu isipokuwa neno.

Wala wazee wao hawakuficha. Katika Pattinappalai, utenzi wa kale wa Kitamili, mfalme Karikalan wa Chola anasifiwa kwa kugeuza kaadu kuwa naadu na kuchimba mabwawa. Kitenzi alichotumia mshairi kwa tendo lile la kuondoa msitu ni kile kile cha kuua. Tena anamsifu! Wafalme wa Pallava nao waliitwa Kaduvetti, yaani mkata msitu, na hilo halikuwa tusi, lilikuwa cheo. Siku hizi tungesema "maendeleo" na kupita zetu. Mshairi yule alisema: kumeuawa kitu hapa, na mimi nashangilia. Sikubaliani na shangwe yake, lakini ukweli wake naupenda.

Basi hapa ndipo hoja inapoanza. Wapo wasemao: aliyefyeka ndiye mwenyewe. Jasho lake limeingia ardhini, jina alilolipa ni muhuri wake, wengine wote ni wageni. Hoja hii ina nguvu, tusiidharau. Mimi mwenyewe simlilii mti kuliko mtoto mwenye njaa. Mpunga wa majaruba yale umelisha vizazi na vizazi, na washairi wenyewe wamo. Mtu aliyeng'oa visiki kwa mikono yake anastahili kitu.

Haya, tuifuate hoja mpaka mwisho wake. Swali la kwanza: ule msitu ulikuwa mtupu? Ushairi wa kale wa Kitamili unaigawa nchi katika mandhari tano, na ile ya milimani, kurinji, ina watu wake: wawindaji, warina asali, walimaji wa nafaka ndogondogo katika viwanja vilivyochomwa moto. Mpaka leo wapo Wairula, ambao jina lao huhusishwa na neno la giza, mafundi wa kukamata nyoka na kujua mizizi ya dawa. Kwao kaadu halikuwa pori la kungojea mwenyewe afike. Lilikuwa ghala, hospitali na shule. Na serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya misitu ya Madras mwaka 1882, hata msitu uliobaki ulipata bwana mpya. Kwa hiyo huyo "wa kwanza" alimkuta mtu.

Swali la pili ndilo linaloniumiza zaidi: shoka alishika nani? Mfalme hakukata mti. Maandishi ya mawe na ya mabamba ya shaba yanataja mtoaji wa ardhi na mpokeaji. Vijiji walivyopewa Wabrahmani vikapata majina yenye mangalam, neno la heri na baraka. Waliochimba mifereji, waliozama matopeni mpaka magotini, wengi wao wa matabaka yaliyoitwa najisi, hawakuachiwa hata kipande cha jina. Tarehe 25 Desemba 1968, katika kijiji cha Kilvenmani, ndani ya nchi ya mpunga ya Thanjavur, vibarua wa Kidalit waliokuwa wakidai ujira zaidi walivamiwa na mabwanyenye na watu wao. Watu 44, wanawake na watoto wengi wakiwemo, waliteketezwa kibandani. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Madras ikawaachia huru wenye mashamba walioshtakiwa.

Vuka bahari mpaka Sri Lanka. Watamili waliotolewa India na Waingereza walipanda kahawa, halafu chai, kwenye milima iliyokuwa misitu. Kama jasho ndilo hati, milima ile ilikuwa yao. Mwaka 1948 sheria ya uraia iliwaacha wengi wao bila nchi. Na Watamili wenzao waliwabandika jina la dharau, thottakkaattaan, kama kusema mshamba wa porini. Kumbe kaadu lile lile lililompa mfalme cheo limempa kibarua tusi!

Unaona ilipofika hoja ya jasho? Ukiishika kwa uaminifu inawanyang'anya karibu wote wanaoitumia. Anayesema "sisi tulifyeka" mara nyingi ni mjukuu wa aliyeamuru kufyeka. Ndiyo maana mimi nasema jina la mahali ni ushahidi, si hati ya kumiliki. Linatuambia palitokea nini. Halituambii nani afukuzwe leo. Na ushahidi una deni lake: ukiusikia, useme wote. Ukisema Puduvayal, shamba jipya, uulize na lile la zamani lilikuwa nini.

Vijana wenzangu mnaoandika, wengi wetu tumeshikwa na hamu ya kuandika asili za mitaa na vijiji vyetu. Vizuri, tuandike. Lakini tusiridhike na mzee wa kwanza anayetutajia babu yake mwenye shoka. Tumuulize alimkuta nani, na shoka lenyewe lilikuwa mkononi mwa nani. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi, tunasema. Tatizo ni kwamba walaji ndio hutoa majina. Kalamu tunayo. Tukiandika jina la mlaji peke yake, tutakuwa tumefyeka mara ya pili, na safari hii hakuna mfalme wa kumsingizia.