Kipimo cha Kichwa na Dhamiri ya Mtazamaji

Tangu mwaka 2024, katika mashindano makubwa ya raga, mchezo ambao watu huangushana wakigombea mpira, wachezaji huvaa kinga ya meno yenye chombo kidogo ndani yake. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, chombo humpasha habari daktari aliye kando ya uwanja, naye huweza kumtoa mchezaji amchunguze, ijapokuwa mwenyewe asema, "Mimi mzima." Ni jambo jema, maana aliyeumia ubongo mara nyingi hana habari.

Walakini chombo hupima mwendo wa kichwa tu. Yaliyoupata ubongo hakiyaoni. Mike Webster, aliyecheza mpira wa Kimarekani, nduguye raga, kwa miaka 17, alikufa mwaka 2002. Ubongo wake ulionekana mzima kwa macho, hata Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, alipouchunguza kwa hadubini akaona madhara ya mapigo mengi. Hata mapigo madogo hulimbikizana.

Je, ni nani atakayeyajumlisha? Kijana ataka sifa, mwenye timu ataka ushindi. Nasi tushangiliao vichwa vikigongana (nami nimo) zamani tulijitetea kwamba hatukujua. Husemwa kwamba mchezaji amejichagulia mwenyewe. Naam, lakini wengi walianza wakiwa watoto, na makofi yalikuwa yetu.