Shimesikio, Sadaka na Haki: Nani Alipie Kusikia?

Swali la nani anayepaswa kulipia shimesikio, yaani kifaa kidogo kinachovaliwa sikioni ili kukuza sauti kwa mtu ambaye usikivu wake umepungua lakini haujapotea kabisa, hudhaniwa kuwa la wahasibu, ilhali kiini chake ni cha kimaadili, kwa kuwa jibu hutegemea kama mhitaji anadai kilicho chake au anaomba kilicho cha mwingine. Katika Songea swali hilo lina uzito wa pekee. Wamisionari Wabenedikti walioanzisha kituo cha Peramiho mwaka 1898 walikuja na Kanuni ya utawa ambayo tangu neno lake la kwanza humtaka mwanafunzi asikilize, na Waislamu wa eneo hilohilo husoma katika Sura ya Al-Israa kwamba usikivu, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Ieleweke mara moja kwamba kiziwi hapungukiwi imani wala utu, na anayesali kwa lugha ya alama husali kikamilifu. Hoja ni kwamba jamii inayolitukuza sikio kiasi hiki haiwezi kuichukulia gharama yake kuwa shughuli binafsi ya kila familia.

Mapokeo yote mawili huitambua sadaka, lakini hayaishii hapo. Mwanateolojia Thoma wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba ziada ya tajiri ni stahili ya maskini kwa sheria ya maumbile, na Kurani inazungumzia mali ambayo ndani yake mna haki maalumu ya mwombaji na ya aliyenyimwa. Kwa mtazamo huo, anayempa mwenziwe kifaa hajamfadhili kwa ukarimu tu, bali amelipa deni.

Shimesikio lenyewe, likitazamwa kwa karibu, linathibitisha jambo hilo kuliko hoja nyingi za vitabuni. Aina nyingi hutumia betri ya zinki na hewa, iliyo ndogo kama kifungo cha shati, ambayo kibandiko chake kikishabanduliwa huanza kuisha hata kifaa kikizimwa, na ambayo kwa kawaida hudumu wiki moja au mbili. Mtoto huhitaji pia kiungio cha plastiki laini kilichofinyangwa kufuata umbo la sikio lake, na sikio linapokua kiungio hicho hulegea, sauti ikavuja na kurudi kwenye maikrofoni, kifaa kikapiga mluzi, mpaka mtoto akakivua na kukitia sandukuni. Sadaka ya siku moja, hata ikiwa imetolewa kwa moyo safi, haikidhi hitaji linalorudi kila wiki. Tena aliyepewa kwa hisani huona haya kulalamika kifaa kinapoharibika, wakati mwenye haki ana mahali pa kwenda kudai.

Hapo ndipo bima, yaani utaratibu wa wengi kuchangia kabla ya hitaji ili wachache waliofikwa nalo wahudumiwe, inapopata maana ya kimaadili. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, ukiwakusanya kwanza watumishi wa umma, ambapo asilimia 3 ya mshahara hutoka kwa mtumishi na asilimia 3 kwa mwajiri. Mkulima wa mahindi wa Namtumbo au wa kahawa wa Mbinga, asiye na mshahara wa kukatwa, alibaki nje ya mpango huo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, imekusudia kuliziba pengo hilo kwa kuwagharamia wasio na uwezo kupitia mfuko maalumu. Hata hivyo, kadi peke yake haitoshi, kwa sababu linaloamua ni kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima hulipia, na kitita kinachotaja kifaa bila kutaja betri, viungio na matengenezo kimelipia nusu ya kusikia.

Pingamizi zito ni kwamba fedha ni chache, na malaria pamoja na uzazi salama haviwezi kusubiri. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini linapanga foleni tu: haki inayotanguliwa na nyingine hubaki haki, na anayesubiri hastahili kuambiwa kwamba alikuwa akiomba msaada. Ikumbukwe kwamba, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma za utengamao kwa sababu ya kupoteza usikivu. Idadi kama hiyo haiwezi kutegemea wafadhili wanaopita.

Parokia na misikiti haitakosa kazi sheria ikilibeba jukumu hilo. Bima hailipi nauli ya mama anayetoka Tunduru kumleta mtoto kupimwa Songea, wala mahali pa kulala akiambiwa arudi kesho, na huko sadaka ingali inadaiwa.